Nimeua meno ya M6 kwenye hedi: je, spana ya torki ya saa ndiyo dawa ya bolti ndogo?

Hedi_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jana nilikuwa narudisha kamshafti (shafti inayofungua valvu) kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya pikipiki. Bolti za vishikio vyake ni M6, yaani kipenyo cha milimita 6, na kitabu kinasema zikazwe kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya 10 Nm, yaani newton-mita 10. Spana yangu ya torki ni ile ya mlio, inayolia ikifika namba uliyoiseti, ya nusu inchi, imeandikwa kuanzia 10 hadi 110. Nikajisemea kumi si ipo, tatizo liko wapi. Nikazungusha mpini mpaka ikasoma 10, nikapaka tone la oili kwenye meno, nikaanza kukaza kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni kama kitabu kinavyoelekeza.

Ya kwanza nadhani ililia, sina hakika. Ya pili sikusikia kitu. Nikaendelea kuvuta nikisubiri mlio, bolti ikawa ngumu, ikazidi kuwa ngumu, halafu ghafla ikawa laini mkononi. Aliyewahi kuua meno anaijua hali hiyo. Nilipoifungua ikatoka na waya wa alumini umejiviringisha kwenye bolti, unang'aa kabisa. Hayo ndiyo yalikuwa meno ya hedi.

Sasa nataka spana ya bolti ndogo tu, na nimesoma kuhusu hizi za saa, zenye mshale. Walionazo waniambie: inasaidia kweli kwenye torki ndogo, au nichukue ya mlio iliyo ndogo zaidi? Na nichague ya kuanzia wapi hadi wapi?

Pini_na_Washa

Pole sana mkuu. Mimi yangu ilikuwa bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), hadithi ile ile. Nafuatilia.

Fundi_Mshale

Pole ndugu yangu. Usijilaumu sana, hiyo kazi ulipewa chombo kisichoiweza.

Pima spana yako ya nusu inchi kutoka kichwani hadi unaposhika. Tuseme ni sentimita 45. Ili upate 10 Nm kwenye urefu huo, mkono wako unahitaji kuvuta newton 22 tu, yaani sawa na kuning'iniza uzito wa kilo mbili na robo hivi. Mkono uliozoea kuvuta bolti za magurudumu hauhisi kilo mbili. Na mlio wenyewe kule chini kabisa ya kipimo ni hafifu: springi ndani imelegezwa karibu yote, kile kidude kinachoruka kinaruka kidogo, na msuguano wa ndani ya spana unakuwa sehemu kubwa ya kile unachokipima. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa dhamana ya usahihi kuanzia asilimia 20 ya kipimo kwenda juu. Kwa spana ya 110, hiyo ni 22 Nm. Namba 10 imechorwa pale, lakini ni kama haipo.

Ya saa inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani haina springi ya kuiseti. Ina chuma kinachopinda au kinachojisokota kidogo sana unapovuta, na kile kipindo kinapelekwa kwenye gia ndogo inayozungusha mshale. Ukivuta kidogo, mshale unasogea kidogo. Ukiachia, unarudi sifuri. Nyingi zina mshale wa pili, huo hausukumwi na gia, unasukumwa na mshale wa kwanza na kubaki palepale ulipofika juu kabisa, ili usome baada ya kuachia. Kioo cha juu kinazunguka, kwa hiyo kabla ya kila kazi unakishika na kukileta mpaka sifuri ikae chini ya mshale. Na inapima pande zote mbili, kukaza na kulegeza.

Tofauti kubwa kwangu ni hii. Ya mlio inakuambia neno moja, "imefika", tena ukiwa na bahati ya kusikia. Ya saa inaongea na wewe tangu bolti inapogusa mpaka unapoacha. Kwenye bolti ndogo ndani ya alumini, ni yale maongezi ya njiani ndiyo yanayookoa meno.

Mkono_wa_Zamani

Vijana, nawasalimu. Mimi nimefungua na kufunga injini miaka mingi kwa mkono na racheti fupi. M6 naishika racheti karibu na kichwa, vidole viwili, nakaza mpaka nahisi imekaa. Sijaua meno mengi. Nauliza kwa nia njema: hatujifanyii kazi kuwa ngumu?

Dada_Mitambo

Shikamoo mzee. Mkono wako naamini umefundishika vizuri, na kwenye kifuniko cha plastiki au kava ya cheni hauna shida. Lakini mkono unahisi ugumu wa kuzungusha, hauhisi bolti inabana kwa nguvu kiasi gani. Hivyo ni vitu viwili, na katikati yake kuna msuguano.

Kwa bolti ya kawaida, kati ya kila sehemu 10 za nguvu unayoweka, takriban 5 zinaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, 4 zinaliwa kwenye meno, na 1 tu ndiyo inabana. Kwa hiyo ukibadilisha msuguano kidogo, ile 1 inabadilika sana.

Hesabu ya mkato wanayotumia mafundi na wahandisi: torki ni sawa na K mara kipenyo mara nguvu ya kubana. K ni namba inayobeba msuguano; ya chuma kikavu ni kama 0.2. Chukua M6 na 10 Nm: zidisha 0.2 na 0.006 (kipenyo kwa mita), kisha gawa 10 kwa jibu hilo, unapata newton 8,300 hivi. Sasa paka oili, K ishuke hadi 0.15. Torki ileile ya 10, lakini nguvu ya kubana inapanda hadi newton 11,100. Bolti ya M6 ya daraja la nguvu 8.8 inaruhusiwa kuvutwa mpaka karibu newton 11,600 kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Yaani tone la oili peke yake limekusogeza kutoka kwenye usalama hadi ukingoni, na bado hatujazungumzia meno ya alumini ambayo ni laini kuliko bolti.

Hedi_Wazi, umesema ulipaka oili. Kitabu kilisema upake?

Na mzee, kwa heshima, chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mikono yenye nguvu. Anayetajwa kukibuni ni Conrad Bahr, mwaka 1918, akiwa idara ya maji ya jiji la New York, kwa sababu bolti za mabomba zilikuwa zinakazwa kupita kiasi. Wale nao walikuwa mafundi wazoefu.

Hedi_Wazi

Dada, nimerudi kwenye kitabu. Hakijasema oili kwenye meno. Kimesema oili kwenye kamshafti na kwenye vitanda vyake. Nilichanganya. Kwa hiyo nilikuwa na makosa mawili kwa pamoja, oili na spana kubwa.

Dada_Mitambo

Basi ndiyo hiyo. Kitabu kisiposema kitu, meno yawe safi na makavu. Kikisema oili, paka oili. Namba ya torki na hali ya meno ni kitu kimoja, usizitenganishe. Na safisha shimo pia: oili ikijaa chini ya shimo lisilotoboka, bolti inakandamiza kimiminika na mshale unapanda wakati bolti haijabana chochote.

Mkono_wa_Zamani

Marahaba binti yangu. Hiyo ya oili nimeielewa na nakubali. Lakini kuna sehemu moja mkono sikuuamini hata zamani: beringi za pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko) kwenye difu. Pale tulikuwa tunazungushia kamba kwenye flenji, tunavuta kwa mizani ya springi, tunasoma mizani wakati pinioni inazunguka. Flenji yenye nusu kipenyo cha sentimita 5, mizani ikisoma kilo 3, ni kama 1.5 Nm. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu.

Fundi_Mshale

Mzee, hapo umegusa kazi ambayo spana ya mlio haiwezi hata iwe nzuri vipi. Ngoja niiandike kwa urefu kwa sababu wengi hawaijui.

Beringi za pinioni zinatakiwa kubanana kidogo, na kitabu kinakupa ugumu wa kuizungusha pinioni, si ugumu wa nati. Ni namba ndogo, mara nyingi Nm moja hadi tatu hivi, na ya beringi mpya huwa kubwa kuliko ya zilizotumika, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Unachotaka kujua ni: nikizungusha taratibu bila kusimama, inanipinga kwa kiasi gani? Spana ya mlio haijibu swali hilo. Inajua tu kama umepita namba fulani au hujapita. Ya saa unaiweka kwenye nati ya pinioni, unazungusha polepole na kwa mwendo mmoja, mshale unasimama mahali fulani na kutikisika kidogo. Hapo ndipo unaposoma.

Usisome pale inapoanza kuondoka. Kuanza ni kugumu kuliko kuendelea, mshale unaruka juu kisha unashuka. Ndiyo maana kwa kazi hii mshale wa kumbukumbu haukusaidii, unakudanganya: wenyewe utabaki kwenye ule mruko wa mwanzo. Urudishe pembeni, mfuate ule wa kweli. Na angalia kitabu kinataka upime kabla au baada ya kuweka sili ya oili, maana sili nayo inapinga na itaingia kwenye namba yako.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuwa nakaza nati kidogo, napima, nakaza, napima. Mshale ulikuwa haubadiliki kabisa, 0.4, 0.4, 0.4. Halafu robo ya robo ya mzunguko ikaupeleka 1.2. Ile chuma laini inayopondeka katikati ya beringi ilikuwa imeanza kufanya kazi. Ningeendelea na mwendo ule ule wa kukaza ningepita, na ukipita hakuna kurudi nyuma, unatafuta nyingine mpya. Nilijua kwa sababu niliuona mshale.

Mkono_wa_Zamani

Hiyo mizani na kamba naona zitapumzika sasa. Asante.

Kaboni_Nyepesi

Habari za humu. Mimi nipo upande wa baiskeli. Bolti za stemu (kipande kinachoshika usukani) ni M5, nyingi zimeandikwa 5 Nm pembeni yake, na fremu za kaboni hazisamehe, ukizidisha unasikia mlio wa nyuzi za kaboni na ndiyo kwaheri. Nina ya mlio ndogo, ya robo inchi, 2 hadi 24, na inanitosha. Swali langu kwa Fundi_Mshale: bolti ikiwa mahali ambapo siwezi kuiona saa, si inakuwa bure?

Fundi_Mshale

Ni udhaifu wa kweli, siufichi. Saa inataka macho. Ukiwa chini ya fremu au nyuma ya injini huoni kitu, na ukiitazama kwa pembeni unasoma namba isiyo yake, kwa sababu mshale umeinuka kidogo juu ya uso. Ukiwa juu kulia utasoma tofauti na ukiwa kushoto. Itazame wima, uso kwa uso.

Ukiwa umelazimika kuvuta bila kuona, tumia mshale wa kumbukumbu na upande kwa hatua: vuta kidogo, toa, soma, rudi. Ni polepole. Kwa bolti ishirini za aina moja mahali pagumu, ya mlio ndogo kama yako ni chaguo bora, sina ubishi. Ila kumbuka kuirudisha kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake ukimaliza, ili springi isichoke. Ya saa haina jambo hilo.

Pini_na_Washa

Na kuhusu kipimo? Nimeona moja ya saa inaenda hadi 20 Nm, imeandikwa usahihi asilimia 2. Inaonekana bora kuliko zote.

Dada_Mitambo

Soma vizuri ni asilimia 2 ya nini. Kama ni ya kile unachokisoma, sawa, ni nzuri sana. Kama ni ya kipimo chote, basi ni 0.4 Nm popote ulipo kwenye saa. Kwenye 20 ni asilimia 2. Kwenye 10 ni asilimia 4. Kwenye 2 Nm ni asilimia 20, na hapo hupimi tena, unabahatisha. Maandishi ya kwenye boksi hayatakuonyesha hilo mpaka uulize.

Kiwango cha kimataifa cha spana hizi ni ISO 6789. Kwa spana ya saa, kosa linaloruhusiwa ni asilimia 6 juu au chini kama spana inaishia 10 Nm au chini yake, na asilimia 4 kama inazidi hapo. Kwa hiyo namba za bolti unazozigusa kila siku ziangukie katikati ya saa au juu kidogo. Kama wewe ni mtu wa M5 na M6, yaani 4 hadi 12 Nm, tafuta inayoishia 15 au karibu yake. Usinunue kubwa "kwa ajili ya siku moja".

Na vipimo vya zamani: nyingi za torki ndogo zimeandikwa paundi-inchi. Nm moja ni paundi-inchi 8.85. Tofautisha na paundi-futi, maana futi ni inchi 12, na kosa la mara 12 linakata bolti kabla hujashtuka.

Kaboni_Nyepesi

Nikiweka kile kichwa cha kurefusha, kile cha mguu wa kunguru, kwa ajili ya kona, namba inabadilika?

Dada_Mitambo

Kikiwa kimenyooka na spana, ndiyo. Chukua urefu wa spana kutoka mraba (pale soketi inapoingia) hadi katikati ya mpini, gawa kwa urefu huo pamoja na ule wa kichwa, zidisha na torki unayotaka. Spana ya milimita 250, kichwa kimeongeza 50, unataka 10 Nm: 250 gawa kwa 300 ni 0.83, kwa hiyo saa isome 8.3. Ukikigeuza kiwe pembe mraba na spana, namba inabaki kama ilivyo. Ekstensheni ya kawaida inayosimama wima juu ya soketi haibadilishi kitu, ila ikiwa ndefu sana inajisokota na mkono unayumba.

Pini_na_Washa

Nitajuaje saa yangu bado inasema kweli bila kuipeleka maabara?

Fundi_Mshale

Maabara bado ni muhimu kama kazi yako ina maisha ya watu, na mazoea ni kila miezi 12 au mizunguko 5,000, kimoja kinachotangulia. Lakini nyumbani unaweza kuikagua.

Kaba mraba wake kwenye jiriwa, spana ilale mlalo kabisa. Seti sifuri ikiwa hivyo hivyo imelala, ili uzito wa mpini wenyewe usihesabiwe. Pima 20 cm kutoka katikati ya mraba, au pale kwenye alama ya mpini kama spana yako inayo, kisha ning'iniza uzito unaoujua. Maji ya lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa mbili za lita, pima na uzito wa chupa tupu. Kilo 2 ni newton 19.6, mara 0.2, ni 3.9 Nm. Mshale usome hapo. Ongeza uzito, uone unapanda kwa ulinganifu. Kwa spana zinazopinda badala ya kujisokota, mahali unapovutia panabadilisha usomaji, hivyo ning'iniza pale mkono unapokaa kweli.

Na jambo moja naliomba kwa kila mwenye nayo. Kama ukiachia mshale na haurudi sifuri, usizungushe tu kioo na kuendelea. Inawezekana kuna mtu amevuta kupita mwisho wa saa, au ameifungulia bolti iliyoshika kutu, na kile chuma cha ndani kimepinda na hakitarudi. Spana hiyo ikaguliwe kwanza. Hiki ni chombo cha kupimia, kiwe na boksi lake na kisianguke.

Hedi_Wazi

Wakuu, nimerudi baada ya siku kadhaa. Nimepata ya saa ya robo inchi, inaishia 15 Nm. Lile shimo nimelitoboa na kuwekea helikoili ya M6, yaani meno mapya ya waya uliojiviringisha. Nimesafisha mashimo yote kwa hewa, bolti nimefuta, kavu.

Nikakaza zote kwa hatua mbili, kwanza 5, kisha 10. Ya kwanza mshale ulipanda vizuri, sita, saba, nane, kila nikisogeza mkono nao unasogea. Nilikuwa naweza kusimama popote ninapotaka. Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike tena. Mshale ulifika 6 na nusu. Nikaendelea kuvuta, mkono ukawa unasogea, bolti inazunguka, mshale umebaki palepale. Sita na nusu, sita na nusu. Mkononi hakukuwa na dalili yoyote, ilikuwa inahisi kama bolti inaendelea kukaza tu.

Nikaacha. Nikaitoa, nikaangalia meno kwa tochi. Kulikuwa na vumbi la alumini kwenye meno mawili ya kwanza, yameanza kukatika lakini hayajatoka. Nadhani yaliumia siku ile ile ya kwanza. Kwa ile spana ya mlio ningeendelea kusubiri sauti ambayo isingekuja.

Nayo niiwekee helikoili, au kwa kuwa meno ya chini bado yapo nitafute bolti ndefu kidogo?

Fundi_Mshale

Weka helikoili. Ni kishikio cha kamshafti, usikibahatishie. Na bolti ndefu pima kina cha shimo kwanza, ikigusa chini mshale utakuonyesha 10 wakati kishikio kiko huru.

Hedi_Wazi

Nimepima, shimo halina nafasi ya ziada hata milimita mbili. Naweka helikoili kesho asubuhi.